Usikate Soketi: Redio ya Gari Unaweza Kuibadili Mwenyewe

Simama njia panda ya Kwa Sadala, wilayani Hai, pale barabara ya Masama inapoachana na barabara kuu ya Moshi–Arusha, uangalie magari. Noah zinapandisha abiria mlimani, Probox zimesheheni ndizi, IST zinakimbilia Boma Ng'ombe. Mengi ya magari hayo yalitumika Japani kabla ya kupakiwa melini, na yalishuka bandarini yakiwa na redio isiyotufaa. Mwenye gari anawasha, anatafuta stesheni, anapata moja au mbili, basi.

Redio hiyo si mbovu. Japani ilitenga megahezi 76 hadi 90 kwa ajili ya FM, wakati vituo vyetu vinarusha kati ya 87.5 na 108. Masafa hayo yanakutana kwenye kipande cha megahezi mbili na nusu tu. Kuanzia mwaka 2014 Wajapani walianza kurusha hadi 95, kwa hiyo magari ya karibuni yanashika zaidi kidogo, lakini bado vituo vingi vinabaki nje. Redio zenye ramani zina mtihani mwingine: betri ikichomolewa, nyingi hujifunga na kudai kadi au namba ya siri, tena kwa Kijapani.

Wengi hujaribu kwanza kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye waya wa antena, kile mafundi wanachokiita ekspanda. Kazi yake ni kushusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 12, kituo cha 98 utakipata kwenye 86. Kwa hesabu hiyo hiyo redio itasikia 88 hadi 102 tu, na vilivyo juu ya hapo vitabaki hewani bila wewe kuvipata. Ukitaka masafa yote, pamoja na simu na USB, dawa ni redio mpya.

Hapo ndipo magari mengi yanapoumizwa. Anayefunga anatoa redio ya zamani, anakata soketi zake kwa koleo, anachuna nyaya kwa meno na kuzisokota rangi kwa rangi. Redio inaweza kulia siku hiyo, lakini gari limeshapata kidonda cha kudumu. Nasema bila kusitasita: kazi hii mwenye gari anaiweza, mwanamume au mwanamke, mradi ashike sharti moja. Asikate waya wowote wa gari.

Sababu iko kwenye rangi zenyewe. Redio nyingi za madukani zina waya wa njano kwa moto wa kudumu, mwekundu kwa moto wa swichi, na mweusi kwa hasi. Sasa tazama nyuma ya redio ya Toyota. Kuna soketi mbili, moja ya pini kumi na nyingine ya pini sita. Kwa Toyota nyingi moto wa kudumu ni waya wa bluu wenye mstari wa njano, moto wa swichi ni wa kijivu, na hasi ni wa kahawia. Nyekundu, njano na nyeusi zipo pia, ila ziko kwenye soketi ya pini sita, na zote tatu ni za spika za nyuma. Aliyeunganisha rangi kwa rangi amepeleka nyaya za umeme za redio kwenye spika. Na kijivu, ambacho kwenye gari ni moto, kwenye redio mpya ni spika ya mbele kulia. Ukivikutanisha hivyo viwili umeingiza umeme wa betri mahali panapotakiwa kutoa sauti, na redio inaweza kuungua hata kabla ya kuimba.

Kwa hiyo unaponunua redio, nunua pamoja nayo soketi ya kuunganishia ya gari lako. Upande mmoja unaingia kwenye soketi za Toyota bila kukata kitu, upande wa pili una nyaya za kuunga na redio mpya. Kazi yote ya kuunga unaifanya mezani nyumbani, kwa utulivu, kisha unakwenda kuchomeka tu. Pima na nafasi. Redio kubwa za kawaida zina upana wa takriban milimita 180 na kimo cha 100, lakini tundu la Toyota nyingi za Japani lina upana wa milimita 200. Ndiyo maana redio nyingine huacha mwanya pembeni. Dai fremu yake hapo hapo dukani.

Usiruhusu maandishi ya boksi yakuchagulie. Boksi likisema wati 50 mara nne, hizo ni wati 200, ilhali redio nyingi zina fyuzi ya ampea 10 nyuma yake. Gari likiwa limewashwa umeme wake ni kama volti 14.4, zidisha kwa 10, unapata 144. Redio haiwezi kutoa kwa mfululizo nguvu isiyoingia. Kwa spika za kawaida za omu nne, nguvu halisi huwa kama wati 20 kwa kila spika, na hizo zinatosha kabisa ndani ya Noah.

Siku ya kazi, zima gari, chukua spana namba kumi ulegeze kichwa hasi cha betri, kisha subiri kama dakika mbili. Kusubiri huko ni kwa ajili ya airbag, ambazo hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kutolewa. Soketi za njano utakazokutana nazo ndani ya dashibodi kwa kawaida ni za airbag, usizichomoe, usizipime. Bandua plastiki kwa kibao laini au bisibisi iliyofungwa kitambaa, ukianzia pale inapolegea yenyewe. Redio nyingi za Toyota zimeshikwa na skrubu nne tu.

Mezani, unga kwa maana ya waya na si kwa rangi. Karatasi iliyokuja na redio ikuambie upande mmoja, mita ya umeme ikuhakikishie upande wa pili, ukipima soketi za gari betri ikiwa imerudishwa kwa muda: waya wenye volti 12 hata funguo ikiwa mfukoni ni moto wa kudumu, wenye volti 12 funguo ikifika ACC pekee ni wa swichi. Ukiunga vyote viwili kwenye moto wa kudumu, redio inaweza kuinyonya betri usiku kucha. Ukiunga vyote kwenye swichi, kila ukizima gari redio itasahau saa na stesheni. Waya hasi wa spika usiupeleke kwenye bodi ya gari hata siku moja, kwa sababu redio za sasa husukuma umeme kwenye nyaya zote mbili za spika. Kila kiungo kilehemu au kibane kwa kishikizo chake, kisha kifunike.

Waya wa bluu wa antena kwenye redio mpya nao usiuache ukining'inia. Magari mengi yana kikuza mawimbi kwenye antena, na kinahitaji moto kutoka kwenye redio. Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mawimbi ya FM hupenda kwenda moja kwa moja, na barabara za Masama na Machame zinapanda na kushuka kati ya migongo na makorongo ya mito. Antena isiyopata moto itakupa kituo cha Sauti ya Injili ukiwa karibu na Moshi, na mkwaruzo ukiwa bondeni.

Kabla ya kukaza skrubu, rudisha betri na ujaribu. Peleka sauti kwenye spika moja moja, mbele na nyuma, kushoto na kulia. Zima gari, subiri, washa, uone kama stesheni zimebaki. Washa taa uone kama mwanga wa redio unafifia. Kama ina video, waya wa breki ya mkono uungwe kwenye breki kweli, picha isionekane gari likitembea. Dereva aliyebeba watu kumi kwenye mteremko hana jicho la ziada la kuangalia muziki.

Redio ya zamani ihifadhi, kwa kuwa gari lenye soketi zake nzima linaweza kurudishiwa redio yake siku yoyote, na anayelinunua baadaye hatarithi fundo la nyaya zisizojulikana. Na kama bado unaona kazi hii ni ya fundi, mpelekee fundi gari pamoja na soketi ya kuunganishia mkononi, ukae pale pale uangalie. Akisema haihitaji na kunyoosha mkono kuchukua koleo, mshukuru, uwashe gari, utafute mwingine.