Kisiki cha mpingo kwenye beseni: kuchonga upande uliokufa bila kuua ulio hai

Januari mwaka juzi niling'oa kisiki cha mpingo nje kidogo ya jiji la Dodoma, kikiwa na majani mabichi kabisa, nikakibeba hadi nyumbani kama mtu aliyeokota hela. Wiki tatu baadaye majani yote yalikuwa chini. Miezi miwili baadaye nilikwaruza gome kwa ukucha nikakuta rangi ya kahawia kila mahali. Kilikufa, na aliyekiua ni mimi. Makala hii inahusu kisiki cha pili, ambacho mpaka leo kiko hai ingawa nusu yake ni maiti.

Tuanze na kisiki chenyewe. Bonsai, yaani sanaa ya kulea mti ukiwa mdogo ndani ya chungu, wengi tunaifahamu kutoka Japani, ingawa mizizi yake iko China. Watu hudhani lazima uanze na mbegu. Kwa mpingo hiyo ni safari ndefu, maana mti huu unaweza kuchukua miaka 70 au zaidi kufikia unene wa kuvunwa mbao. Njia nyingine ni kutafuta mti ambao tayari umezeeka ukiwa mfupi: umekatwa kuni, umeliwa na mbuzi, umepitiwa na moto, ukachipua tena na tena mpaka shina likawa nene na lenye makovu. Wajapani huuita mti wa namna hiyo yamadori. Dodoma ya sasa, ambako vichaka vinasafishwa kila siku kupisha nyumba, visiki hivi wala huvitafuti mbali.

Cha kwangu kilikuwa kwenye mstari wa msingi wa nyumba. Nilimkuta mwenye kiwanja, nikamwamkia, nikaomba.

"Marahaba. Lakini mwanangu, hicho si kimekufa? Upande mzima ni mkaa."

"Mzee, hebu njoo uone huku nyuma."

Nyuma kulikuwa na vichipukizi vitatu, virefu kama kalamu. Mzee akacheka, akasema nichukue kabla mafundi hawajafika Jumatatu. (Angalizo: ruhusa ya mwenye ardhi ni ya lazima, na kwenye hifadhi ya msitu usiguse kitu bila kibali. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ipo, na mpingo si mti wa kuchezea.)

Sasa swali la mzee ni swali zuri la kibiolojia: kitu kinawezaje kuwa nusu mkaa na bado kichipue?

Jibu ni kwamba hata mti mzima wenye afya, sehemu kubwa ya shina lake haina uhai. Chukua tawi la mpingo ulikate. Katikati utaona kiini cheusi chenye rangi ya zambarau kwa mbali. Humo hakuna seli hai. Kukizunguka kuna ubao mweupe mwembamba, unaopandisha maji kutoka kwenye mizizi. Juu yake kuna utando mwembamba sana unaoitwa kambiamu, ndio unaotengeneza ubao mpya upande wa ndani na gome jipya upande wa nje. Ndani ya gome hupita sukari inayoshuka kutoka kwenye majani. Kwa hiyo uhai wa shina ni koti tu lililovaliwa juu ya nguzo. Moto ukichoma nusu ya koti, nusu iliyobaki inaweza kuendelea na kazi, mradi chini yake kuna mizizi hai na juu yake kuna majani. Watu wa Dodoma wameshaliona hili mashambani. Mradi wa Kisiki Hai, ulioanzishwa mwaka 2018 na LEAD Foundation pamoja na Justdiggit, umejengwa juu ya jambo hilohilo: kisiki kinachoonekana kimekufa kina mizizi hai chini, ukichagua machipukizi machache na kuondoa mengine, mti unarudi.

Ila mti hauponi kama ngozi inavyopona. Mwanasayansi wa Marekani, Alex Shigo, aliyepasua miti mingi sana kwa msumeno akichunguza jinsi inavyooza, alieleza jambo hili katika kitabu kidogo kilichotoka mwaka 1977. Mti ukijeruhiwa haurekebishi seli zilizoharibika. Unajenga kuta za kikemikali kuzunguka jeraha ili uozo usisambae, kisha unakua upya pembeni na kulifunika taratibu. Ukuta imara kuliko zote ni ule unaojengwa na kambiamu baada ya jeraha, unaotenganisha ubao wa zamani na ubao utakaoota baadaye. Nilipoelewa hapo ndipo nilipoelewa pia kazi ya patasi. Ukichonga ndani ya eneo ambalo mti umeshaliacha, huudhuru. Ukivuka mpaka kwa sentimita moja kwa sababu tu umbo linapendeza, umetoboa ukuta kutoka ndani na kuukaribisha uozo sebuleni.

Lakini huwezi kuuheshimu mpaka ambao bado haujachorwa. Ndiyo maana kabla ya kuchonga kuna kusubiri, na kabla ya kusubiri kuna kung'oa kwa wakati wake.

Kosa langu la Januari lilikuwa hili. Dodoma hupata mvua ya takribani milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Mpingo hupukutisha majani kiangazi na kuweka akiba ya wanga kwenye mizizi na shina. Mvua zikikaribia, akiba hiyo inatumika kutoa majani mapya. Januari, mti niliouchukua ulikuwa umeshatumia akiba yake, umejaa majani yanayodai maji, na mimi nimekata mizizi inayoyaleta. Hesabu haikubali. Cha pili nilikichukua mwishoni mwa Oktoba, kikiwa na vichipukizi vile vitatu tu. Nilikata mzizi mkuu kwa msumeno, nikabakiza mizizi ya pembeni na udongo wake kadiri nilivyoweza, nikafunga kwa gunia lililoloweshwa, nikapanda siku ileile kwenye beseni la plastiki nililotoboa chini matundu mengi. Udongo ulikuwa changarawe ndogo iliyochekechwa, mbolea ya samadi iliyooza kidogo sana, na kiganja cha udongo wa palepale kilipotoka. Huo wa mwisho una sababu yake: mpingo ni jamii ya kunde, mizizi yake huishi na bakteria wanaonasa naitrojeni, nami nilitaka wahame pamoja.

Baada ya hapo sikufanya kitu. Kivuli, maji, basi. Msimu mzima wa mvua na mwaka uliofuata. Rafiki zangu waliona ni uvivu, na kusema kweli ulikuwa na faida za uvivu. Lakini taratibu, pembeni mwa eneo lililoungua, ukatokea mviringo kama mdomo ulionenepa. Hiyo ndiyo kambiamu ikijikunja kufunika kidonda. Mpaka umejichora wenyewe. Nikaupaka chaki nisije nikajisahau.

Julai mwaka huu nikachukua patasi. Hapa mpingo unatofautiana na vitabu vya bonsai. Wajapani huchonga zaidi mireteni, na ubao wake uliokufa hupakwa mchanganyiko wa chokaa na salfa mpaka uwe mweupe kama mfupa. Kwa miti ya kupukutisha majani wengi hawashauri kuchonga sana, kwa sababu ubao wake huoza haraka. Wanaacha pango dogo tu. Ushauri huo unaifaa miti mingi. Mbuyu, kwa mfano, usijaribu kabisa: ubao wake ni laini, umejaa maji, na ukifa unasambaratika kuwa nyuzinyuzi. Kiini cha mpingo kina tabia nyingine. Ni kizito kiasi cha kuzama majini (nilidondosha kipande kwenye ndoo, kikashuka moja kwa moja, nikakumbuka kuwa jina la Dodoma lenyewe husimuliwa kuwa limetokana na kudidimia), na mchwa na kuvu hukishindwa kwa miaka mingi. Kinacholiwa ni ule ubao mweupe.

Kwa hiyo sikuhitaji kubuni umbo. Niliondoa mkaa, nikafuata ubao mweupe uliokufa, ulioshaanza kutobolewa na wadudu, nikaupara mpaka kiini cheusi kikatokea. Wachongaji wa vinyago vya Kimakonde wanaujua mpaka huu wa rangi mbili kwa mikono yao. Kiini kilijitokeza chenye mikunjo na mifereji ambayo mimi nisingeweza kuitunga. Pale ambapo maji yangetuama nilichonga mfereji wa kuyatoa, maana mvua ya Dodoma ikija inakuja kwa fujo, na dimbwi dogo ndani ya shina ndilo linaloanzisha uozo. Chokaa na salfa sikupaka. Kuufanya mpingo uwe mweupe, kwangu mimi, ni kama kumpaka tembo rangi.

Mambo mawili ya tahadhari. Mashine ya kusaga inamaliza kazi haraka, lakini kwa mpingo inaunguza ubao na kutimua vumbi linalowasha ngozi na kusumbua mapafu, kwa hiyo vaa barakoa nzuri na miwani hata ukitumia tupa tu. Na patasi inolewe kila baada ya dakika chache. Patasi butu huteleza, na inapoteleza huwa inaelekea upande ulio hai. Yangu iliteleza mara moja. Kuna kovu la urefu wa punje ya mchele ndani ya mstari wa chaki, nami hulikagua kila asubuhi.

Beseni sasa liko juu ya stuli ya chuma, kila mguu ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo, kwa ajili ya mchwa. Kiini hawakipendi, lakini mizizi na gome ni habari nyingine. Majani yameshapukutika yote, na mama mwenye nyumba ninayopanga ameniuliza mara mbili kama anaweza kukitia jikoni. Nimemwomba anivumilie mpaka mvua za kwanza. Jana, juu kidogo ya lile kovu la patasi, niliona kijicho kimoja cha kijani, kidogo kama kichwa cha pini.