Mwani wa Tangini na Shaba ya Kambove

Salfati ya shaba inaua mwani. Hilo halina ubishi: mwaka 1904 George Moore na Karl Kellerman wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walichapisha maelezo ya jinsi dozi ndogo ya dawa hiyo inavyosafisha mabwawa ya maji ya kunywa, na hadi leo inatumika. Kwa hiyo simshangai mfugaji wa samaki wa bahari pale Kambove, mji wa migodi ya shaba huko Katanga, Kongo, ambaye, akiona nyuzi za kijani zimefunika mawe na kioo, anakumbuka dawa ambayo asili yake anaikanyaga kila siku.

Namsihi aiache, kwani shaba haiui mwani peke yake. Kwenye vilima vya Katanga ambako mwamba wenye shaba umejitokeza juu, miti haioti. Utakuta nyasi na mimea michache iliyouzoea udongo ule, kama Haumaniastrum katangense, ua ambalo watafuta madini walilifanya alama. Ndani ya tangi la maji ya chumvi wanaokufa kwanza ni matumbawe, kamba, kaa na konokono. Ajabu ni kwamba damu ya kamba yenyewe hubeba oksijeni kwa shaba, si kwa chuma kama yetu, lakini ikizidi kidogo tu majini inamuua. Wanaotibu samaki wenye madoa meupe hutumia shaba ya miligramu 0.15 hadi 0.20 kwa lita, tena kwenye tangi la pembeni lisilo na mawe wala mchanga. Samaki wengi huivumilia. Kamba hawezi.

Hata tangi lisipokuwa na kamba, shaba haimalizi kazi. Mwani uliokufa huoza, ukila oksijeni na kurudisha majini chakula kilekile kilichouotesha. Basi kinachotakiwa kutafutwa ni chakula hicho: nitrati na fosfati.

Chukua tangi la lita 100. Chakula kikavu cha samaki huwa na fosforasi ya asilimia 1 hivi, mara nyingine zaidi. Gramu moja kwa siku huingiza miligramu 10 za fosforasi, sawa na miligramu 30 hivi za fosfati, yaani 0.3 kwa kila lita. Wafugaji wengi wa matumbawe hutaka fosfati ikae kati ya 0.03 na 0.1. Sehemu ya chakula hugeuka mwili wa samaki, kwa hiyo si yote inayobaki majini, lakini ona jinsi siku moja ya ukarimu inavyolielemea tangi. Tena ukibadilisha asilimia 10 ya maji, umetoa asilimia 10 tu ya kilichomo: palipokuwa na 1 panabaki 0.9. Na fosfati hushikamana na mawe ya chokaa, kisha maji yakitakata huachiwa polepole. Ndiyo maana mtu anapima leo anafurahi, wiki ijayo namba imepanda na wala hakuzidisha chakula.

Kambove iko mbali na bahari, kwa hiyo maji ya tangi ni ya kuchanganya nyumbani: chumvi maalumu ya bahari, gramu 35 hivi kwa lita. Chumvi ya jikoni haifai, haina kalisi na magnesi ya kutosha. Maji yenyewe ndiyo yenye hatari iliyojificha, kwani ya bomba au ya kisima katika ukanda wa migodi yanaweza kuleta shaba, nitrati na silika kabla hujalisha samaki hata mmoja. Kama una fedha za kununua kifaa kimoja tu cha ziada, nunua mtambo wa kuchuja maji kwa utando. Mataa ya kupendeza yatangoja.

Kabla ya kupigana, mjue unayepigana naye. Vumbi la kahawia kwenye tangi jipya kwa kawaida ni daiatomu. Zinatumia silika, na ikiisha hupungua zenyewe baada ya wiki chache. Ukoga mwekundu unaobanduka kama ngozi ni sayanobakteria. Ufyonze kwa mpira, kisha ongeza mkondo wa maji pale ulipotanda. Nyuzi za kahawia zenye viputo, zinazosinyaa usiku na kurudi mchana, huenda ni dainoflajeleti, na hizi hushamiri hasa kwenye tangi ambalo mwenyewe amelisafisha hadi nitrati na fosfati zikafika sifuri. Hapo kusafisha zaidi ni kuchochea.

Nyuzi za kijani zing'oe kwa mkono, jiwe likiwa nje ya tangi ikiwezekana, ili vipande visisambae. Punguza taa hadi saa nane kwa siku na uondoe tangi dirishani. Walaji nao wapo. Tafi, samaki anayewaudhi wakulima wa mwani Zanzibar tangu kilimo hicho kilipoanza mwaka 1989, ni mla mwani hodari, ila yule wa pwani yetu hupita sentimita 30 na miiba yake ina sumu. Tangi dogo litosheke na konokono.

Ninachopendelea mimi ni kuotesha mwani kwa makusudi: chemba ya pembeni yenye taa yake, ndani yake fundo la Chaetomorpha. Taa hiyo iwake usiku, ya tangi ikiwa imezimwa, na pH haitashuka sana. Kila konzi unalovuna na kutupa limeondoka na nitrati na fosfati yake. Umeme ukikatika, chemba itasubiri. Pampu haiwezi kusubiri, kwa hiyo weka ya hewa inayotumia betri.

Na ukinunua mawe au mchanga uliokwisha kutumika, muulize muuzaji kama tangi lake liliwahi kutiwa shaba. Asipokuwa na hakika, loweka mawe hayo katika maji mapya ya chumvi kwa siku kadhaa, kisha pima shaba. Ikionekana, usiyaweke kwenye tangi lenye kamba wala matumbawe.