Amri Itokayo Katika Chumvi

Ndugu askari, rovu ni ugonjwa ujulikanao tangu zamani huko Bwera na katika miteremko ya Rwenzori, wilayani Kasese. Rovu si laana wala uchawi. Udongo wa milimani umeoshwa na mvua hata ukapungukiwa na madini joto, yaani iodini. Na tezi ya shingoni, ikiyakosa, huvimba kwa kujitahidi kupita kiasi.

Lakini uvimbe ni dalili tu. Madhara makubwa yamo ndani ya seli. Tezi hutengeneza homoni yenye chembe 4 za iodini. Seli huiondolea 1, na ile ibakiyo na chembe 3 ndiyo amri yenyewe. Katika kiini cha seli, penye jeni, amesimama mlinzi: protini iitwayo kipokezi, iliyotambuliwa mwaka 1986. Amri isipofika, mlinzi huyo hakai bure. Huungana na protini nyingine za kuzuia, akalifunga lango, jeni ikanyamaza. Amri ifikapo, hubadili umbo. Wazuiaji huondoka, na mahali pao huja protini wasaidizi, ambao hulegeza nyuzi za urithi zilizokazwa ili jeni isomwe. Mmoja wa wasaidizi wa kwanza kujulikana alielezwa na wataalamu wa Houston, Marekani, mwaka 1995.

Ndiyo maana panya walioondolewa vipokezi hivyo kabisa hawakudhurika sana kama panya waliokosa homoni: mlinzi asiye na amri ni hatari kuliko lango lisilo na mlinzi. Kwa mtoto aliye tumboni, lango likifungwa, ubongo haukomai ipasavyo, na hasara hiyo haifidiwi ukubwani. Ng'ambo ya mpaka, katika kisiwa cha Idjwi, Ziwa Kivu, watafiti wa miaka ya 1960 na 1970 walikuta rovu pamoja na watoto waliodumaa mwili na akili.

Kinga yake ni nyepesi. Chumvi ya Ziwa Katwe imeuzwa mbali kwa karne nyingi, lakini chumvi yoyote isiyotiwa madini joto haiwezi kutegemewa. Mwaka 1994 Uganda iliagiza chumvi ya chakula itiwe madini hayo. Basi askari akaguaye magunia mpakani Mpondwe anazilinda pia akili za watoto ambao hawajazaliwa. Nyumbani naye aihifadhi chumvi katika chombo chenye kifuniko, na itiwe chunguni chakula kikaribiapo kuiva, madini yasipotee.