Utangulizi: Mbuzi Aliyeponea Fisi

Mchungaji wa Sangailu, Garissa, hahitaji darasa kumtambua mbuzi aliyewahi kuponea meno ya fisi. Kundi likifika lamboni, wenzake huinamisha shingo wakanywa. Yeye husimama, masikio mbele, kwato moja haijakanyaga sawasawa. Fisi hayupo. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sayansi ya neva inauliza huo mshtuko umehifadhiwa wapi.

Sehemu ya jibu ni serotonini, kemikali ambayo seli za neva hutumia kupelekeana habari. Ilitengwa kutoka kwenye damu mwaka 1948 na watafiti waliokuwa wakitafuta kitu kinachobana mishipa. Miaka michache baadaye Betty Twarog akaikuta ubongoni. Nyingi iko utumboni. Ile ya ubongo hutengenezwa na seli chache za shina la ubongo, ila nyuzi zake hufika karibu kila pembe.

Ushahidi ninaoupenda zaidi ni wa konokono wa baharini wa Eric Kandel, mshindi wa Tuzo ya Nobel mwaka 2000. Mguse kidogo, atakunja mashavu anayopumulia. Mpige mkia kwa umeme, kisha mguse vilevile: sasa anayakunja kwa nguvu, kana kwamba anaumizwa upya. Serotonini ndiyo iliyobeba habari. Seli za konokono huyo zikidondoshewa serotonini mara moja maabarani, badiliko hudumu dakika chache. Zikidondoshewa mara tano, hupita siku nzima, kwani seli zimeunda protini mpya.

Je, serotonini ndiyo hofu yenyewe? La. Mwaka 1998 panya waliozaliwa bila kipokezi kimoja cha serotonini walionekana waoga zaidi, wakikwepa mahali pa wazi. Na nzige, wale waliovamia Garissa mwanzoni mwa 2020, wana kisa kingine. Nzige mpweke huwakimbia wenzake. Msugue paja la nyuma kwa saa mbili, kama anavyosuguliwa kwenye msongamano, serotonini itapanda katika neva za kifuani naye ataanza kuwafuata. Wanaoiita kemikali ya furaha wangemtazama huyo kwanza. Yote hutegemea imetua kwenye kipokezi gani, cha seli ipi.

Tutaanza na konokono, maana baadhi ya seli zake za neva huonekana kwa macho matupu. Mbuzi wa lamboni, mwenye ubongo wenye seli nyingi mno, atasubiri sura ya mwisho.