Je, Wajua? Masikio ya Rubani Hudhoofika Polepole

Ndani ya sikio mna seli ndogo zenye vinywele, ambazo kazi yake ni kupeleka sauti kwenye neva. Zikifa, hazioti tena. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mfanyakazi asikae kwenye kelele ya desibeli 85 zaidi ya saa 8 kwa siku, na kila zikiongezeka desibeli 3 muda huo ukatwe nusu. Zikifika 91, zimebaki saa 2 tu. Ndege ndogo za pangaboi huweza kufika hapo, na rubani huruka siku baada ya siku.

Hasara huanza kwenye sauti nyembamba, karibu na hezi 4,000, kwa hiyo konsonanti kama s na f hufifia mapema. Mtu husema, "Nakusikia, ila sikuelewi," asijue masikio yameshaanza kudhoofika.

Desemba 1986, marubani Dick Rutan na Jeana Yeager waliizunguka dunia bila kutua kwa ndege ya Voyager, siku 9 wamebanana kwenye kijumba chembamba chenye injini mbele na nyuma. Walikinga masikio yao kwa hedifoni za majaribio za kampuni ya Bose: maikrofoni hunasa kelele, spika hutoa mawimbi yanayopingana nayo, mngurumo unapungua. Marubani walianza kuuziwa hedifoni za Bose za aina hiyo mwaka 1989.

Wahudumu wa abiria hawazivai, maana lazima wamsikie anayeita. Kwao, nionavyo mimi, kupimwa masikio kila mwaka ni haki, hata kabla hawajalalamika.