Soma Jina Kabla ya Kutuma Fedha

Hapa Tanzania, fedha huhama kutoka benki moja hadi nyingine kwa njia mbalimbali, zikiwemo hizi mbili. TISS, mfumo ulioanzishwa na Benki Kuu mwaka 2004, hutumika zaidi kwa malipo makubwa, kama ya ununuzi wa nyumba. TIPS, uliokuja baadaye, huunganisha benki na mitandao ya simu, na hufikisha fedha papo hapo.

Wepesi huo ni neema, tena ni mtihani: fedha zilizokwisha kuingia katika akaunti ya mwingine si rahisi kurejeshwa bila ya ridhaa yake. Basi, kabla ya kuthibitisha, soma jina la mpokeaji, hakiki namba, kisha hifadhi risiti. Naye aliyepokea kisicho chake ajue kuwa ni amana, na amana hurejeshwa kwa mwenyewe.