Ndege Mweusi wa Visiwa vya Chatham

Mashariki ya Nyuzilandi, mwendo wa kilomita 800 hivi baharini, viko Visiwa vya Chatham, penye baridi na pepo kali. Huko yuko ndege mdogo mwimbaji, mweusi tititi, urefu wake wapata sentimita 15, wala haonekani mahali pengine po pote duniani. Zamani alienea visiwani; lakini watu walipoleta paka na panya, na misitu ilipokatwa, alitoweka kisiwa baada ya kisiwa, hata akabaki juu ya jabali moja tu, Little Mangere.

Mwaka 1976 walisalia saba. Bwana Don Merton na wenzake wakawakamata, wakawatia masandukuni, wakashuka nao magengeni, wakawahamishia kisiwa jirani cha Mangere, ambako miti ilikuwa imepandwa. Hata hivyo walizidi kupungua: mwaka 1980 walikuwa watano, na jike aliyezaa ni mmoja tu. Kwa pete ya buluu mguuni mwake aliitwa Old Blue, kama tungesema Bibi Buluu. Naye alikuwa ajuza, kwa maana wenzake huishi miaka minne hivi, na yeye amekwisha kupita minane!

Basi wakafanya hila njema. Mayai yake waliyachukua, wakayatia katika viota vya ndege wadogo wa aina nyingine. Naye alipoona kiota kitupu, alitaga tena. Walezi wa kwanza waliyaatamia vema, lakini hawakuweza kuwashibisha makinda. Ndipo mayai yakapelekwa kisiwa cha Rangatira, kwa ndege wa aina ya tatu, na hao wakawalea mpaka wakaruka.

Lakini likazuka jambo lisilotazamiwa. Majike wengine walitaga ukingoni mwa kiota, na yai la ukingoni haliangui. Watunzaji, kwa huruma, walilisukuma ndani. Makinda yaliyookolewa hivyo yalirithi kosa la mama, hata ikafika zaidi ya nusu ya majike kutaga ukingoni. Sisi waalimu twaijua hali hiyo: mtoto ambaye hesabu zake husahihishwa na mwingine kila siku. Watunzaji wakaazimu kuyaacha mayai yapotee, neno gumu kwa watu waliohesabu kila yai. Na tabia ile ikapungua.

Leo ndege hao wamepita 200, katika Mangere na Rangatira, nao wote ni uzao wa Bibi Buluu na mumewe.